Vita vya Tatu vya Dunia: mtaji ukiomba amani, nani husikiliza?

#1. Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Kila Marekani na China zinapotunishiana misuli, au Urusi inapokumbusha kwamba ina silaha za nyuklia, humu hufunguliwa uzi wenye kichwa kilekile: Vita vya Tatu vya Dunia vimefika. Wachangiaji hugawanyika papo hapo. Kundi la kwanza husema ubepari hauwezi kuishi bila vita, kwa hiyo vita vikubwa ni suala la muda tu. Kundi la pili husema mataifa makubwa yamefungamana mno kibiashara, na hakuna mwenye akili timamu atakayechoma ghala ambamo naye amehifadhi mahindi yake. Nimezifuatilia hoja hizi kwa miaka kadhaa na zote mbili huniacha na kiu. Naomba nieleze kwa nini, na mnivumilie kwa urefu.

Nianze na kundi la pili, kwa kuwa hoja yake imewahi kujaribiwa. Mwaka 1910 mwandishi wa Kiingereza Norman Angell aliieneza hoja kwamba uchumi wa Ulaya ulikuwa umeshonwa pamoja kwa mikopo na biashara, hata mshindi wa vita angetoka na hasara. Wengi humcheka leo wakidhani alisema vita haviwezi kutokea. Hakusema hivyo, alisema havina faida, na katika hilo hakukosea. Usahihi wake haukuzuia chochote.

Tazameni hali ilivyokuwa. Uingereza na Ujerumani zilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa kila mmoja. Soko la bima la Lloyd's jijini London lilikuwa limezikatia bima meli nyingi za biashara za Kijerumani, na miaka michache kabla ya vita kamati ya ulinzi ya serikali ya Uingereza ilipowauliza wakuu wa soko hilo wangefanya nini endapo manowari za Kiingereza zingezizamisha meli hizo, walijibu kwamba mkataba ni mkataba na wangelazimika kulipa. Yaani jeshi la nchi lizamishe meli ya adui, kisha matajiri wa nchi hiyohiyo wamfidie adui huyo hasara yake. Hata ugomvi wa reli ambayo Wajerumani walikuwa wakiijenga kuelekea Baghdad, ambao vitabu vingi vya shule huutaja kuwa chanzo kimojawapo cha vita, ulikuwa umemalizwa: wajumbe wa nchi hizo mbili walitia saini za awali za makubaliano tarehe 15 Juni 1914. Siku kumi na tatu baadaye mrithi wa kiti cha Austria akauawa Sarajevo.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkikumbuke tutakapofika zama zetu. Tarehe 31 Julai soko la hisa la London lilifungwa kwa hofu, na jioni ya siku hiyohiyo Jean Jaurès, msoshalisti wa Kifaransa aliyekuwa akihubiri kwamba ubepari hubeba vita tumboni mwake, alipigwa risasi mkahawani Paris. Kwa simulizi ya Lloyd George, aliyekuwa waziri wa fedha wa Uingereza, Gavana wa Benki Kuu Walter Cunliffe alimwendea siku hizo akimsihi nchi isiingie vitani. Mabenki yaliomba amani. Serikali haikuyasikiliza: tarehe 4 Agosti ilitangaza vita, na alfajiri ya tarehe 5 meli ya Kiingereza ilikuwa baharini ikikata nyaya za simu za Ujerumani zilizopita chini ya maji. Nyaya zilezile zilizokuwa zikipitisha bei za pamba na hati za mikopo ndizo zilizopigwa kwanza.

Huku kwetu, Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mapema mwaka huo, na Wajerumani walikuwa wakiandaa maonyesho makubwa ya biashara Dar es Salaam mwezi Agosti kuisherehekea. Maonyesho hayakufanyika. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza Astraea iliupiga kwa mizinga mtambo wa simu za upepo wa Dar es Salaam, na miaka michache baadaye jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza, Carrier Corps, likabaki kwenye mtaa, ndiyo Kariakoo yetu.

Sasa kundi la kwanza. Hoja yake ya kinadharia iliwekwa vizuri wakati huohuo, katika mabishano ya wasoshalisti wawili, Karl Kautsky wa Ujerumani na Lenin wa Urusi. Kautsky, katika makala iliyotoka Septemba 1914 mizinga ikiwa tayari inanguruma, alisema mabepari wakubwa wa dunia wangeweza siku moja kuungana na kuinyonya dunia kwa ubia badala ya kuigombania. Lenin, akiandika Zürich mwaka 1916, alijibu kwamba ubia wa namna hiyo ni pumziko tu kati ya vita na vita, kwa sababu nchi za kibepari hazikui kwa kasi moja. Mgawo unaolingana na nguvu za leo hautalingana na nguvu za miaka ishirini ijayo, na aliyenenepa atadai kipande kikubwa zaidi.

Kwa miaka mingi baada ya 1945 ilionekana Kautsky ndiye aliyeona mbali. Mfumo wa fedha wa Bretton Woods ulijengwa mwaka 1944, mkataba wa ushuru na biashara wa GATT ukafuata 1947, na mwaka 1951 Ufaransa na Ujerumani Magharibi ziliweka makaa yao ya mawe na chuma chini ya mamlaka moja, kwa nia iliyotamkwa waziwazi kwamba vita baina yao visiwezekane hata kwa vifaa. Japani na Ujerumani zilipoutajirikia mfumo huo hazikumpiga Mmarekani risasi hata moja, ziliuza magari. Anayesema ubepari lazima uzae vita vya dunia anapaswa kuieleza miaka hiyo, na jibu la kwamba waliogopa Wasovieti ni nusu tu ya jibu.

Kwa maoni yangu makundi yote mawili yanauliza swali lisilo sahihi, yaani kama biashara ni kubwa au ndogo. Swali ni kama kila upande unaamini biashara hiyo itakuwepo kesho. Mfano mzuri kuliko yote ni Japani ya mwaka 1941, na hapa ndipo naomba mkae nami kidogo.

Baada ya mdororo wa 1929 kila dola kubwa ilijifungia nyumbani kwake. Marekani ilipandisha ushuru mwaka 1930, Uingereza na makoloni yake zikapeana upendeleo katika makubaliano ya Ottawa mwaka 1932, na nchi zisizo na makoloni ya kutosha zikajikuta nje ya mlango. Japani iliingia Manchuria Septemba 1931. Italia ikaivamia Ethiopia Oktoba 1935. Hata hivyo Japani iliendelea kuitegemea Marekani kwa takriban asilimia 80 ya mafuta yake. Mnasemaje hapo, enyi mnaoamini kwamba kutegemeana huzuia vita? Julai 1941, Japani ilipoingia kusini mwa Indochina, Marekani ilizuia mali zake na mafuta yakakatika. Jeshi la majini la Japani lilikuwa na akiba isiyozidi miaka miwili. Kuanzia siku hiyo kila mwezi wa amani uliokwenda ulikuwa mwezi wa kudhoofika, na maofisa waliokuwa wakisitasita walianza kuhesabu kwamba kama ni kupigana, basi bora sasa kabla pipa halijakauka. Tarehe 7 Desemba wakaipiga Pearl Harbor ili wawe huru kwenda kuchukua mafuta ya Indonesia, wakati huo koloni la Kiholanzi.

Kwa hiyo kamba ileile iliyowafunga pamoja ndiyo iliyowanyonga. Kumtegemea mtu unayemwamini ni amani. Kumtegemea mtu unayehofia atakunyima ni sababu ya kumwahi.

Ndiyo maana sitishwi sana na hotuba. Ninachokitazama ni jinsi mataifa makubwa yanavyojiandaa kuishi bila mwenzake. Oktoba 2022 Marekani iliizuia China kupata chipu za kompyuta za hali ya juu pamoja na mitambo ya kuzitengenezea. Mwaka 2023 China ilianza kudhibiti uuzaji nje ya nchi wa gali na gerimani, metali zinazotumika kutengeneza chipu, na mwaka 2025 ikafuata madini adimu ambayo sehemu kubwa mno ya usafishaji wake duniani hufanyika kwake. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulifika asilimia 145, China ikajibu kwa asilimia 125, hadi wakakutana Geneva mwezi Mei na kupunguza. Kabla ya hapo, mwaka 2022, nchi za Magharibi zilikuwa zimezuia takriban dola bilioni 300 za akiba ya Benki Kuu ya Urusi. Sijadili hapa kama hatua hiyo ilikuwa ya haki. Najadili ilichojifunza kila benki kuu nyingine duniani, kwamba akiba uliyoiweka kwa jirani ni yako mpaka siku mtakapogombana.

Kuna kinaya hapa. Mapatano ya Geneva yalipatikana kwa sababu pande zote ziliumia: Marekani ilikosa sumaku za viwanda vyake, zinazotengenezwa kwa madini hayo adimu, na China ikapoteza wanunuzi. Maumivu hayo ndiyo yaliyowarudisha mezani. Lakini kila upande ulitoka pale ukiwa umeapa kwamba safari ijayo hautaumia namna hiyo, na sasa unajenga viwanda na maghala yake mwenyewe. Watakapofanikiwa, bei ya kupigana itakuwa imeshuka.

Nikilazimishwa kutoa makadirio, nitasema uwezekano wa vita vya dunia ni mdogo mwaka huu, mdogo mwaka ujao, na unaongezeka kadiri utengano huo unavyokamilika. Hatari kubwa zaidi naiona katikati ya safari, wakati mmoja amekaribia kujitosheleza na mwingine bado. Karibuni.

#2. Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta uzi, umeandika kwa uangalifu, lakini umemtoa mbepari mahakamani mapema mno. Unatuonyesha gavana wa benki akilia asiingizwe vitani, nasi tumhurumie. Mbona hukutuonyesha hesabu za baada ya hapo?

Mwaka 1940, miaka kumi na moja baada ya soko la hisa la New York kuporomoka, ukosefu wa ajira Marekani ulikuwa bado asilimia 14.6. Mipango yote ya Rais Roosevelt haikuwa imeumaliza. Mwaka 1944 ulikuwa asilimia 1.2. Kilichotokea katikati ni vita. Mfumo ulioshindwa kuwapa watu kazi ya kujenga nyumba uliwapatia wote kazi ya kutengeneza vifaru na ndege za kulipua nyumba. Leo taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI ya Stockholm inakadiria kwamba dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi mwaka 2024, na nchi za NATO zilikubaliana The Hague mwaka 2025 kufikisha asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035. Viwanda vya Ujerumani vinavyoshindwa kuuza magari vinatazama oda za serikali za magari ya deraya. Haya si mambo ya hofu ya serikali peke yake. Ni mtaji unaotafuta mahali pa kuzaliana.

Pili, unasema serikali ndiyo inayoogopa. Sawa, inaogopa nini? China haikuwa tishio la kiuchumi kwa Marekani mwaka 1980. Ilifanywa kuwa tishio na makampuni ya Marekani yenyewe, yaliyohamisha viwanda kufuata ujira mdogo, hasa baada ya China kuingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001. Leo takriban asilimia 30 ya uzalishaji wa viwandani duniani unafanyika huko. Lenin alisema nchi hazikui kwa kasi moja. Naye mtaji ndio uliochagua nani akue. Ukimtoa mbepari katika simulizi hii, ni kama kueleza moto wa nyika bila kumtaja aliyewasha kiberiti, ukabaki kuulaumu upepo.

#3. Mleta uzi

Hoja yako ya pili naipokea, na ninakiri kwamba sikuipa nafasi inayostahili. Ni kweli kwamba mshindani hakushuka kutoka mbinguni. Alijengwa na faida ya robo mwaka hadi robo mwaka, na waliomjenga ndio wanaoombwa leo wamkate. Ubepari huzalisha washindani wapya bila kukusudia, na katika hilo Lenin bado hajajibiwa. Ninachokataa ni hatua inayofuata, kwamba aliyemzalisha mshindani ndiye anayeamua apigwe vita. Makampuni ya chipu ya Marekani yamelalamika hadharani dhidi ya vikwazo vya kuiuzia China, kwa sababu China ni soko lao kubwa. Serikali yao iliwawekea hata hivyo. Ni Cunliffe yuleyule, miaka zaidi ya mia moja baadaye, akiwa amevaa koti la ngozi, kama mkuu wa kampuni ya chipu ya Nvidia, badala ya suti.

Kuhusu ajira za 1944, takwimu zako ni sahihi lakini umeishia katikati ya hesabu. Utengenezaji wa magari ya kiraia ulisimamishwa Februari 1942 kwa amri ya serikali. Hakuna tajiri wa Detroit aliyeulizwa kama anapenda. Bei na mishahara vikadhibitiwa, malighafi zikagawiwa kwa vibali, na kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikafika asilimia 94 mwaka 1944. Vita kamili si paradiso ya mbepari. Ni wakati ambapo serikali humpokonya usukani, humwachia faida kiasi, na humwambia nini cha kuzalisha. Mahali pengine, kama Ujerumani na Japani, mwisho wake ulikuwa viwanda kuwa kifusi.

Anachokipenda muuza silaha ni hali iliyo kabla ya vita, au vita vidogo vya mbali visivyokwisha. Hofu hujaza daftari la oda, na oda haziharibu kiwanda chake. Na kuna jambo linalonisumbua zaidi katika hoja yako, ingawa hukulisema: kwamba faida ya kujiandaa kwa vita inaweza kuitengeneza hali ambayo hakuna aliyeikusudia. Ukishajenga viwanda vya mabomu vinavyohitaji oda kila mwaka, unahitaji adui kila mwaka, na adui naye anakusoma. Rais Eisenhower, jenerali na mtu wa chama cha matajiri, aliwaonya Wamarekani juu ya ushawishi huo alipokuwa akiaga Januari 1961. Hakuwa mkomunisti.

Tena tusisahau kwamba Wasovieti na Wachina walipigana risasi mpakani, kwenye mto Ussuri, mwaka 1969, na China ikaivamia Vietnam mwaka 1979. Hapo hapakuwa na mwenye hisa hata mmoja.

#4. Mchangiaji wa pili

Mnabishana kana kwamba tuko 1914. Kuna zaidi ya vichwa 12,000 vya nyuklia duniani. Hakuna mkutano wa bodi wala wa baraza la mawaziri utakaoamua kufa. Silaha hizo ndizo zilizotulinda tangu 1945. Biashara, ubepari na ujamaa havikuchangia chochote. Uzi huu ungefungwa kwa sentensi hiyo moja.

#5. Mleta uzi

Nitajibu kwa kifupi. Silaha za nyuklia zimeupandisha mno ukingo wa kutumbukia, lakini hazijawaondoa watu ukingoni. Oktoba 1962 dunia ilifika pale kwa sababu ya makombora ya Cuba. Usiku wa tarehe 26 Septemba 1983 mitambo ya Kisovieti ilionyesha makombora ya Marekani yakija, na aliyekuwa zamu, Stanislav Petrov, akaamua mwenyewe kwamba ni hitilafu. Alikuwa sahihi, ila mfumo unaomtegemea ofisa mmoja aliye zamu siuiti ulinzi. Zaidi ya hayo, silaha hizi huwapa wakubwa ujasiri wa kupigana chini ya kiwango fulani wakiamini mwenzao hatathubutu kupanda ngazi. Vita vya Ukraine tangu Februari 2022 vinapiganwa kwa imani hiyo hasa, kwa pande zote.

#6. Mchangiaji wa tatu, Lubumbashi

Wazee wangu, nimesoma kimya hadi hapa, lakini ninyi wa pwani mnaitaja Kariakoo na kutusahau sisi. Urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima ilitoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe, hapa Katanga. Mkurugenzi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani elfu moja za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, yakakaa ghalani Staten Island hadi jeshi la Marekani lilipokuja kuyaulizia. Waliochimba hawakuambiwa ni ya nini.

Leo ni kobalti. Takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia inatoka kwetu. Hisa nyingi za mgodi wa Tenke Fungurume zilikuwa za Wamarekani hadi 2016, Wachina wakazinunua kwa dola bilioni 2.65. Sasa Marekani inakopesha fedha za reli ya kwenda Lobito upande wa Atlantiki, na China inaishughulikia TAZARA upande wa Bahari ya Hindi. Mleta uzi anasema tuwatazame wanaojiandaa kuishi bila wenzao. Nami namwambia kwamba maandalizi yenyewe yanafanyika juu ya ardhi yetu. Na kwetu sisi tuliopitia 1998 hadi 2003, majeshi ya nchi jirani yakipigana ndani ya Kongo, neno "vita vya dunia" si la wakati ujao.

#7. Mleta uzi

Ndugu wa Lubumbashi, nimekusoma mara mbili, na sahihisho lako nalipokea lote. Nilikuwa nikiwaza vita vya dunia kama siku moja yenye tarehe, kama 4 Agosti. Mchango wako unanifanya niwaze upya: vinaweza kuja kama vita kadhaa vyenye majina tofauti, Ukraine, Bahari ya Shamu, mashariki ya Kongo, Mlango-Bahari wa Taiwan, ambavyo mwanzoni kila kimoja kinaonekana kuwa na sababu zake za nyumbani, kisha vinaanza kutumia mafuta yaleyale, madini yaleyale na walipaji walewale. Hata vile vya 1939 vilianza hivyo. Aliyekuwa Addis Ababa mwaka 1935 au Shanghai mwaka 1937 hakuhitaji kuambiwa kwamba vilianza Poland.

Naona pia kwamba Kongo yenyewe imeanza kucheza mchezo huohuo: Februari 2025 ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi, na Oktoba ikaweka viwango maalumu vya mauzo. Mnyonge naye amegundua kwamba ana bomba la kufunga. Sijui kama hilo litampa heshima mezani au litamfanya avamiwe, maana Japani ya 1941 haikwenda kuwapiga wenye mafuta kwa sababu iliwachukia.

Mmoja wenu ameniuliza faraghani natazama nini, kwa kuwa nimesema sitazami hotuba. Natazama mambo matatu. La kwanza ni Taiwan, ambako inakadiriwa kampuni moja, TSMC, hutengeneza takriban asilimia 90 ya chipu za hali ya juu kabisa duniani. Maadamu hali ni hiyo, kukipiga kisiwa hicho ni kujipiga mwenyewe, na viwanda vinavyojengwa Arizona kwa ajili ya usalama vinakipunguzia kisiwa ngao yake kidogo kidogo. La pili ni hati fungani za serikali ya Marekani zilizo mikononi mwa China. Zilipita dola trilioni 1.3 mwaka 2013. Sasa ziko chini ya bilioni 800. Mtu anayejiandaa kwa ugomvi huanza kwa kuchukua akiba yake kwa jirani, polepole, bila kelele.

La tatu ni bima, na hapo narudi London nilikoanzia. Soko la bima za meli lina kamati inayoorodhesha maji ya hatari ya vita. Eneo likiingia kwenye orodha hiyo, mwenye meli analazimika kutoa taarifa na kwa kawaida kulipa zaidi. Tarehe 15 Februari 2022, wakati bado kuna marais waliosema Urusi haitavamia, kamati hiyo iliyaweka kwenye orodha maji ya Urusi na Ukraine katika Bahari Nyeusi. Mizinga ilianza kulia tarehe 24. Tangu hapo ndiyo orodha ninayoifungua kabla ya magazeti. Siku nitakayouona Mlango-Bahari wa Taiwan humo, nitarudi kwenye uzi huu.